Kuvua baharini ukiwa ufukweni kwa chambo cha asili: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara: ninunue fimbo gani, chambo kipi ni kizuri, nitupe umbali gani, na mbona wenzangu wanapata huku mimi ninarudi mikono mitupu? Jibu la hilo la mwisho mara nyingi haliko kwenye fimbo. Liko kwenye chambo kilichochacha, ndoana kubwa kupita kiasi, na mshipi uliotupwa mbali ukawaruka samaki waliokuwa wanakula karibu na nchi kavu. Kwa hiyo vifaa nitavipitia haraka, halafu nitakaa zaidi kwenye maji na chambo, kwa sababu hapo ndipo anayeanza anapokosea.

Kabla ya kitu chochote, ulizia sheria za mahali unapotaka kuvua. Sehemu nyingi zina kibali cha kuvua, maeneo ya hifadhi yasiyoguswa, urefu wa chini wa samaki unaoruhusiwa kumchukua, na masharti kuhusu kuchimba minyoo au kuokota kome. Yajue ukiwa nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo

- Fimbo ya mita 3 hadi 3.6. Zile za mita 4 na zaidi zinamchosha mtu ambaye mkono wake bado haujazoea.
- Rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, ya kawaida ya waya unaofunguka, ukubwa wa 4000 hadi 6000, iliyojazwa mshipi hadi zibaki milimita 2 au 3 kufika ukingoni. Ukijaza kidogo, mshipi unakwaruza ukingo na hautoki mbali. Ukijaza kupita kiasi, unamwagika wenyewe na kufungana.
- Mshipi wa nailoni wa milimita 0.35. Nyuzi za kusuka ni nzuri, lakini hukata vidole na mafundo yake yanataka mkono uliozoea. Ziache kwanza.
- Chubwi, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, za gramu 40 hadi 80: za mviringo kwa maji yaliyotulia, za pembe kwa mchanga wenye mawimbi.
- Ndoana. Namba zake huwachanganya wengi: namba 6 ni ndogo kuliko namba 2, lakini ikishafika 1 hesabu inageuka, na 1/0, 2/0, 3/0 zinazidi kukua. Chukua namba 4 na namba 1 kwa wingi, na 1/0 chache.
- Swiveli, yaani vile vipete vinavyozunguka ili mshipi usijisokote, pamoja na shanga chache za plastiki.
- Uzi mwembamba wa mpira wa kufungia chambo laini.
- Koleo la mdomo mrefu, kisu, ubao mdogo wa kukatia, kitambaa, taa ya kichwani, rula, kishikizo cha kusimamishia fimbo, na kisanduku chenye barafu.
- Viatu visivyoteleza, na jaketi la kuokolea maisha ikiwa utasimama juu ya miamba au gati.

1. Panga siku kwa kufuata maji

Tafuta jedwali la kujaa na kupwa la eneo lako. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na toka kujaa kumoja hadi kwingine ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku kujaa kunachelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda sana, hushuka sana na hukimbia kwa nguvu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mwendo ni mdogo.

Samaki wengi wa karibu na ufuko hula maji yakiwa yanatembea, kwa sababu mwendo huo unafukua viumbe vidogo mchangani na kubeba harufu. Anza saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, uendelee saa moja au mbili baada yake. Kama kipindi hicho kinaangukia alfajiri, magharibi au usiku, hiyo ndiyo siku yako. Jua la utosi juu ya maji maangavu ya kina kifupi ni wakati mgumu, hata kwa mvuvi mzoefu.

2. Yasome maji kabla ya kufungua mfuko

Kama unaweza, nenda mara moja maji yakiwa yamekupwa kabisa, bila fimbo. Utaona yote yatakayofichwa baadaye: mifereji, mashimo, mawe yaliyotawanyika, majani ya baharini. Piga picha na uchague alama ya nchi kavu, mti au nguzo, ya kukuongoza maji yakishajaa.

Maji yakiwa juu, angalia mawimbi. Pale wimbi linapovunjika na kutoa povu, kina ni kifupi na chini pana tuta la mchanga. Linapopita bila kuvunjika, na maji yakawa na rangi nzito zaidi, pana mfereji. Samaki huufuata mfereji huo wakitafuta chakula kinachoporomoka kutoka kwenye tuta. Mara nyingi mfereji wa kwanza hauko hata mita 30 kutoka ulipo. Tupa hapo kwanza. Sehemu nyingine za kujaribu ni pale mchanga unapokutana na mwamba, mdomo wa mto au kijito, na kando ya nguzo za gati.

Onyo la usalama. Ukiwa kwenye miamba, simama mbali kwanza uangalie bahari kwa dakika 15 hadi 20. Mawimbi huja kwa makundi, na kubwa kuliko yote linaweza kuja baada ya kimya kirefu. Mwamba ulioloa maji tayari umeshafikiwa na wimbi: usisimame hapo. Usiipe bahari mgongo, na hakikisha maji yakijaa hayatakufungia njia ya kurudi. Mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Ukisikia radi, laza fimbo chini uondoke, na usitupe kamwe karibu na nyaya za umeme, maana fimbo za kaboni hupitisha umeme. Mwenzako akianguka majini, mrushie kitu kinachoelea uite msaada. Kumfuata kwa kuruka kumeua watu wengi.

3. Funga mshipi

Fundo moja linakutosha kwa ndoana na swiveli. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana, uirudishe sambamba na mshipi mkuu kiasi cha sentimita 15. Ikunje tena kuelekea ndoana ili upate kitanzi. Sasa pitisha ncha ndani ya kitanzi ukizungushia nyuzi zote mbili, mara 5. Lowesha kwa mate. Vuta ncha taratibu hadi mizunguko ikae pamoja, kisha vuta mshipi mkuu ili fundo liteleze hadi kwenye tundu. Kata ncha, bakisha milimita 3. Kulowesha si mapambo: nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo, na ndipo inapokatika samaki akivuta.

Kwa mchanga, tumia mfungo wa chubwi inayoteleza. Ingiza mshipi mkuu kwenye tundu la chubwi, kisha shanga, kisha funga swiveli. Upande wa pili wa swiveli funga uzi wa ndoana wa sentimita 40 hadi 60, na ndoana mwishoni. Samaki akichukua chambo, mshipi unapita ndani ya chubwi, naye hausikii uzito mapema.

Kwa miamba, au pale kaa wanapokusumbua, geuza: chubwi iwe mwisho kabisa, na ndoana itoke kwenye tawi fupi sentimita 40 juu yake. Chubwi ifunge kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko mshipi mkuu. Ikinasa kwenye jiwe, uzi huo utakatika na utapoteza chubwi peke yake, badala ya kuacha mita nyingi za nailoni majini ambamo kasa na ndege hunaswa.

Ukitumia chubwi nzito zaidi ya gramu 80, au ukitupa kwa nguvu, ongeza mbele mshipi mnene wa milimita 0.60 hadi 0.70, wenye urefu mara mbili ya fimbo, na sehemu yake izunguke rili mara kadhaa kabla hujatupa. Mshipi mwembamba ukikatika katikati ya mtupo, chubwi hiyo inaruka kwa kasi ya kuweza kumuua mtu.

4. Andaa chambo

Chambo kizuri ni kile kilichokuwa hai jana au leo, na hasa kile ambacho samaki wa hapo wanakila kila siku. Angalia mchangani na kwenye mawe kuna nini: kaa wadogo, kome, minyoo. Hiyo ndiyo orodha yao ya chakula. Kisha nusa. Chambo kinachonuka bahari ni kizuri. Kikinuka uvundo, kitawaita kaa zaidi ya samaki.

*Ngisi* ndiye ninayempendekeza kwa kuanzia, kwa sababu ni mgumu na hatoki kwenye ndoana kirahisi. Toa kichwa na utumbo, mpasue ubavu mmoja afunguke, vua ngozi ya nje yenye madoa, kisha kata vipande vya upana wa sentimita 1 na urefu wa 5 hadi 7. Kichongoe kipande upande mmoja. Kitoboe kwenye upande mpana mara mbili na uache mkia mwembamba uning'inie ukicheza majini. Ukikikunja chote kwenye ndoana, kinakuwa donge linalozunguka wakati wa kuvuta, na uzi wote unajisokota.

*Kamba.* Ng'oa kichwa na ncha ya mkia. Ingiza ndoana pale mkia ulipokatwa, fuata mkunjo wa mwili, na ncha itokee upande wa tumbo. Aliyemenywa huliwa haraka, mwenye gamba hudumu zaidi kwenye ndoana.

*Dagaa na samaki wengine wa mafuta* hutoa harufu kali, ila nyama yao ni laini na hupasuka wakati wa kutupa. Kata mnofu pamoja na ngozi, utoboe upande wa ngozi, kisha uzungushie uzi wa mpira mara 8 hadi 10. Huna haja ya fundo: ukiuvuta na kuukata, unajishika wenyewe. Kome ambaye hajapikwa mfunge hivyo hivyo.

*Minyoo ya baharini* wanaliwa na karibu kila samaki wa ufukweni. Mwingize kuanzia kichwani, umpandishe hadi apite tundu la ndoana, na uache sentimita 2 au 3 za mkia zikitingishika.

Chambo chochote utakachotumia, ncha ya ndoana lazima ionekane. Ikizama ndani ya nyama, samaki atatafuna na kuondoka. Pia kiwe kidogo kuliko unavyodhani. Donge kubwa haliletei mtu samaki mkubwa. Linawaletea wadogo chakula cha kunyofoa pembeni.

Kitunze kwenye barafu ndani ya mfuko uliofungwa, maji yanayoyeyuka yasikiguse, kwa sababu maji matamu hukilainisha, hukipausha na huua minyoo haraka. Kata vipande vichache kwa wakati, vingine vibaki kwenye baridi. Kilichoyeyuka ukikigandisha tena kitakuwa uji. Kikibaki, kitie chumvi ya mawe ya kutosha na kukihifadhi kwenye baridi: dagaa, kamba na ngisi hukazika vizuri kwa njia hiyo na kufaa safari nyingine.

5. Tupa

1. Tazama nyuma na pembeni. Hakuna mtu, mti wala waya.
2. Acha chubwi ining'inie sentimita 50 hadi 60 kutoka ncha ya fimbo.
3. Shika mshipi kwa kidole cha shahada, ukiubana kwenye fimbo, kisha fungua waya wa rili.
4. Elekeza fimbo nyuma, mkono wa juu karibu na usawa wa sikio, na usubiri chubwi itulie.
5. Sukuma kwa mkono wa juu na vuta kitako cha fimbo kifuani kwa mkono wa chini, mwendo mmoja unaoongeza kasi taratibu.
6. Achia kidole fimbo ikiwa imeelekea mbele na juu, kiasi cha nyuzi 45.
7. Chubwi ikikaribia maji, gusa ukingo wa rili kwa kidole kupunguza mwendo wa mshipi, kisha funga waya kwa mkono.

Chubwi ikipaa juu sana, uliachia mapema. Ikipiga maji mbele ya miguu yako, ulichelewa. Chambo kikibaki hewani huku chubwi ikienda, ulitupa kwa hasira: punguza nguvu.

6. Kaza, kisha tulia

Acha chubwi ifike chini, vuta ulegevu wote, halafu weka fimbo kwenye kishikizo ikisimama, mshipi upite juu ya mawimbi yanayovunjika. Breki ya rili irekebishe ili mshipi utoke ukiuvuta kwa nguvu kiasi ya theluthi moja ya uwezo wake. Iliyokazwa kabisa inakata mshipi, au inaondoka na fimbo nzima.

Kila dakika 15 hadi 20, vuta uangalie chambo. Kilichopauka na kisicho na harufu kibadilishe hata kama kimebaki kizima. Baada ya kuangalia mara mbili bila dalili, sogeza: mita 10 karibu zaidi, mita 10 pembeni. Wengi wanaoanza huganda sehemu moja kutwa nzima wakilaumu mwezi.

7. Samaki akigusa

Ncha ya fimbo itatikisika kwa kasi ndogondogo: hao ni wadogo wanaodonoa, au kaa. Usirukie. Ngoja ncha iiname na kubaki imeinama, au mshipi ulegee ghafla, maana yake samaki ameokota chambo na anakuja kwako. Hapo vuta ulegevu wote, kisha inua fimbo kwa mkono thabiti. Kama unatumia ndoana za mviringo, zile zenye ncha iliyopinda kuelekea ndani, usishtue hata kidogo. Zungusha rili tu, itateleza na kushika kwenye pembe ya mdomo. Ninazipendekeza kwa kila anayekusudia kurudisha samaki, kwa sababu ni mara chache humezwa hadi tumboni.

Mvute kwa kuinua fimbo pole, kisha ukiishusha zungusha rili. Usiache ulegevu. Kwenye mchanga, subiri wimbi linalokuja limbebe, rudi nyuma hatua chache, na maji yanaporudi mlegezee kidogo badala ya kushindana nayo. Usimnyanyue samaki mzito kwa fimbo peke yake, na usishuke kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi kumfuata.

8. Mshike kwa akili

Samaki usiyemjua usimshike kwa mkono mtupu. Tasi, kambare wa baharini, samaki jiwe na taa wana miiba yenye sumu. Ukichomwa, ondoka majini na utumbukize sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, yasiyozidi nyuzi joto 45, kwa dakika 30 hadi 90, na utafute tabibu. Usiyapime kwa sehemu iliyochomwa, tumia mkono ambao haukuchomwa. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, mrudishe baharini na usimpike kamwe: sumu yake haiondoki kwa moto.

Anayerudi majini mguse kwa mikono iliyoloa, ili utando wake usitoke, na asikae nje zaidi ya muda wa kuchomoa ndoana na kumpima. Ndoana ikiwa imezama kooni, kata uzi karibu na mdomo uiache. Unayemchukua muue mara moja, mtoe damu na utumbo, na umweke kwenye barafu.

Ndoana ikikuchoma wewe na kijino chake kikapita ngozi, usiing'oe kwa kurudisha nyuma. Kata uzi, funika, nenda hospitali. Ikiwa ni karibu na jicho, usiiguse kabisa.

Mambo yakienda kombo

*Chambo kinaisha na hakuna samaki.* Ni kaa au samaki wadogo. Tumia ngisi au kamba mwenye gamba, funga kwa uzi wa mpira, au tumia mfungo wenye ndoana juu ya chubwi.

*Ninaguswa lakini siwanasi.* Shuka ndoana hadi namba 4 au 6, punguza chambo, na angalia kama ncha iko wazi. Kisha ijaribu kwenye ukucha: ikiteleza bila kukwama, ni butu, ibadilishe.

*Chubwi haitulii.* Mkondo umeizidi. Weka ya pembe au nzito zaidi, au tupa upande mkondo unakotoka na uachie mshipi kidogo ulalie.

*Mwani umejaa kwenye mshipi.* Hamia upande mwingine wa ufuko, au ngoja mwendo wa maji ubadilike. Kupambana nao ni kupoteza chambo.

*Nimenasa chini.* Usikunje fimbo kwa nguvu. Legeza mshipi kwa dakika moja, tembea hatua kadhaa pembeni, vuta kutoka upande huo. Ikishindikana, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti au kitambaa kizito, geuza uso pembeni, na urudi nyuma moja kwa moja hadi ukatike. Kipande kilichorudi kipeleke nyumbani.

*Mshipi unajisokota.* Chambo kinazunguka, au umekuwa ukizungusha rili huku breki ikiachia. Nyoosha chambo, badilisha swiveli iliyoganda kwa chumvi.

*Rili inakwaruza baada ya safari chache.* Ni chumvi na mchanga. Kila ukirudi, kaza breki, imwagilie maji matamu ya mtiririko mdogo, usiitumbukize, kausha, legeza breki tena, na utie tone la mafuta kwenye kiungo cha mkono wa rili na kwenye kigurudumu mshipi unapopitia. Pete za fimbo zifute kwa kitambaa, na uzipitishe pamba ndani: ikinasa nyuzi zake, pete hiyo ina ufa unaokata mshipi.